"Vilevile" na "Mzima": Kosa Moja la Tafsiri

Mwalimu wa tafsiri hujifunza zaidi kutokana na makosa yake kuliko kutokana na nadharia anazowasomea wanafunzi wake. Kosa ninalokusudia kulieleza katika makala haya nililifanya nyumbani kwangu Kahawa Wendani, usiku, nikiwa nimeshika simu wala si kalamu.

Baba alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kiharusi. Mama ni mzaliwa wa Malindi aliyeolewa Murang'a, na lugha iliyowaunganisha wazee hawa tangu siku ya kwanza ni Kiswahili. Jioni hiyo nilikuwa nimenakili maneno mawili kutoka katika taarifa ya daktari: "condition unchanged". Mama aliponiuliza, "Mwanangu, baba yako yu hali gani?" nilimjibu papo hapo, kwa fahari ya mtu anayedhani amepata kisawe: "Yuko vilevile, Mama." Kesho yake alifika kwa matatu ya alfajiri, amebeba suruali, koti na kofia ya Baba, ili amvalishe na kurudi naye nyumbani.

Kisarufi tafsiri yangu haikuwa na ila. Kwa daktari, kipimo kilikuwa hali ya mgonjwa siku iliyotangulia. Kwa Mama, kipimo kilikuwa mumewe wa miaka arubaini, kabla ya maradhi. Swali ambalo sikujiuliza ni jepesi: vilevile kama lini?

Kiingereza kina msamiati mpana wa vitu vilivyosalimika, na aghalabu maneno hayo hudhaniwa kuwa visawe. "Intact" lina asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni kisichoguswa. "Unscathed" limejengwa juu ya shina la Kinorsi cha kale lenye maana ya dhara, shina ambalo leo ni nadra kusikika bila kikanushi chake. "Pristine" lilihusu hali ya zamani kabla ya kuja kutumiwa kwa maana ya usafi usio na doa. "Unchanged" halisifu wala halilaumu. Husema tu kwamba hatua haikupigwa. Katika taarifa ileile, mstari wa chini, yaliandikwa maneno "hearing intact", na hiyo ndiyo iliyokuwa habari njema. Mimi niliisoma habari mbaya kwa sauti ya ile njema.

Mtaa ninamoishi ungalipaswa kunionya. Kahawa ndilo jina lake, ilhali mibuni imetoweka, na mahali pake pamesimama nyumba za kupangisha za wanafunzi na wafanyakazi. Wendani ni neno la Kikuyu lenye maana ya upendano. Mswahili akilisikia huwaza wandani wake. Barabara ya Thika imepanuliwa, na barabara hiyo kuu ikafunguliwa rasmi mwaka 2012. Jina limebaki vilevile. Kilichobadilika ni kila kitu kinachotajwa nalo.

Kinyume chake kinapatikana si mbali, Ruiru, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa. Huko ndiko ilikotoka aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyoanza kutolewa kwa wakulima katika miaka ya 1980. Mbuni huo hustahimili ugonjwa unaoozesha buni zingali mtini pamoja na kutu ya majani, na hustahimili kwa sababu umechanganywa na mbegu nyingine. Umesalimika kwa kuwa umebadilishwa. Basi kutobadilika na kutodhurika ni mambo mawili, na mara nyingine la pili hupatikana kwa kuliacha la kwanza.

Wahakiki nasi tunahusika. Hupenda kumsifu mfasiri kwa kuiacha matini kama ilivyokuwa. Lakini Mwalimu Nyerere hakuiacha hata tafsiri yake mwenyewe: tamthilia ya Shakespeare aliyoitoa mwaka 1963 aliipitia upya, ikachapishwa tena mwaka 1969 kwa anwani ya Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi, ambamo mfanyabiashara wa Kiingereza amekuwa mabepari tangu kwenye jalada. Mwenye kutafuta tamthilia isiyoguswa hataipata. Mwenye kutafuta tamthilia nzima ataipata.

Nalitumia neno hili kwa makusudi. Kwetu, kizima ni kile ambacho hakikuvunjika. Mzima ni aliye hai na mwenye afya. Mtu mzima ni yule ambaye miaka imempitia. Kiingereza nacho kina "whole" na "health", maneno yaliyotoka katika shina moja, lakini hakimwiti mtu hivyo kwa sababu ya umri wake. Uzima wa Kiswahili haudai kwamba kitu hakikuguswa.

Asubuhi ile Mama alimtazama Baba kitandani, kisha akanigeukia. "Mbona hukusema hajapata nafuu?" Hiyo ndiyo tafsiri sahihi, na sikuifundisha mimi. Alizikunja nguo, akamvika kofia peke yake, akaketi na kuanza kumsimulia habari za nyumbani, maana kusikia alisikia.

Baba aliruhusiwa kutoka baada ya majuma sita, mkono wa kulia hauna nguvu na ulimi ni mzito. Majirani walipokuja kumjulia hali, Mama aliwajibu kwa neno moja: "Mzima." Hakusema uongo, na sijapata neno la Kiingereza la kulifasiri jibu lake.