Kwa Rukia, aliyeko Daegu

Mwanangu Rukia,

Baba yako ameniambia kwamba kazi umeizoea, watoto wanakupenda, na kinachokutatiza ni kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili jioni. Alinieleza kama mtu anayekabidhi kesi, kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi tu niliyewahi kuishi Korea. Haya, kesi nimeipokea.

Hao wenzako mnaokutana Dongseongno nawajua bila kuwaona. Viza mliyo nayo ya kufundisha Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, na wewe umeipata kwa pasipoti ya Uingereza. (Binamu yako Salim, aliyefundisha Kiingereza Mombasa nusu ya maisha yake na sarufi yake imenyooka kuliko yako, hiyo viza haipati.) Vijana wa nchi hizo saba huja kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ukiisha, hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi na wengi hurudi kwao. Kwa hiyo kundi lenu la Ijumaa ni kundi la kuagana. Leo anaagwa Mkanada, mwezi ujao dada wa Afrika Kusini, halafu anaingia mgeni na unaanza upya kumweleza kwa nini Mwingereza ana shangazi Mombasa. Sikukatazi kwenda, maana utahitaji watu wa kucheka nao kwa lugha usiyoitafuta. Ila Ijumaa wape wao, na Jumamosi uiweke mahali ambapo watu hawaondoki mkataba ukiisha.

Mimi ningeiweka mlimani. Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili Yongin, Jumamosi ilikuwa bado siku ya kazi na ya shule mpaka mchana. Juma la siku tano lilianzia kwenye makampuni makubwa mwaka 2004, na shule hazikulifuata kikamilifu hadi 2012. Watu wa rika langu waliipata Jumamosi nzima wakiwa watu wazima, na nadhani ndiyo sababu wanapumzika kwa bidii kama wanaokwenda kazini. Utawaona kituo cha basi asubuhi na mapema, viatu vya mlimani, fimbo mbili, kofia, glavu, utadhani wanakwenda Kilimanjaro, kumbe ni kilima cha saa mbili.

Wewe una Palgongsan hapo kaskazini mwa mji, mlima uliofanywa hifadhi ya taifa mwishoni mwa 2023. Panda njia ya ngazi za mawe inayokwenda Gatbawi, kwenye sanamu ya Buddha yenye jiwe bapa kichwani mfano wa kofia. Wenyeji husema anayeomba pale kwa moyo safi hujibiwa dua moja. Inapokaribia Novemba, kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu, akina mama hujazana pale wakiinama na kuinuka kwa ajili ya watoto wao. Wewe huendi kuabudu, kwa hiyo kaa pembeni kwa adabu na usimpige picha mtu aliye katika maombi. Lakini watazame vizuri. Hao ndio akina mama wanaokuletea watoto kwenye hagwon, hicho kituo chako cha tuisheni, wamechoka saa mbili usiku. Ukishawaona pale hutauliza tena kwa nini mtoto wa miaka tisa yuko tuisheni wakati wenzake wa Leicester wamelala.

Mlimani watakuita ule nao. Watatandika mkeka, watatoa matango, machungwa na kimbap, wali wa kuviringishwa kwa mwani. Kimbap uliza kwanza, maana mara nyingi ina kipande cha hemu. Nawe usipande mikono mitupu. Mimi nilikuwa nabeba mahamri, na yalinipa marafiki kuliko Kikorea changu. Watakuuliza umri kabla ya jina, kisha kama umeolewa. Usinune. Kwao umri ndio unaomwambia mtu akusemeshe kwa daraja gani, na wewe uliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo hata ukiwa Leicester, hilo si geni kwako. Nenda Jumamosi zinazofuatana, njia ileile, saa ileile. Mara ya kwanza wewe ni mgeni wa kupigwa picha. Ukirudi na kurudi, ipo siku hutakwenda na watauliza uko wapi.

Sasa mlo wa jioni wa kazini, hoesik. Huo wakati mwingine utakula Ijumaa yako, na hauepukiki. Msemeshe naibu wa mwalimu mkuu mapema, faraghani, kwamba nguruwe huli na pombe hunywi. Ukisubiri hadi nyama iko jikoni utawafedhehesha wote. Na usiseme hupendi. Ukisema hupendi watakubembeleza hadi usiku, lakini ukisema ni dini, mjadala umekwisha. Glasi ya soda yako ipokee kwa mikono miwili anapokumiminia mkubwa. Kuna raundi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja mahali pake. Ya kwanza ndiyo ya heshima. Ya pili watasema ni lazima, nawe inuka ukaage mmoja mmoja, uende zako. Ila kama ya pili ni kuimba, ingia, uimbe wimbo mmoja vibaya, utapendwa.

Kuna jambo moja sitaki mzaha nalo. Mama wa mwanafunzi atakuomba umfundishe mwanawe Jumamosi nyumbani kwake, na bahasha itakuwa nene. Viza yako imefungwa kwa mwajiri mmoja, na masomo ya faragha bila ruhusa ya uhamiaji ni kosa linaloweza kukutoza faini na kukufukuzisha nchini. Kataa kwa upole, na akirudia, mwambie shangazi yako amekataza. Kule sababu hiyo inatosha.

Ukikumbwa na upweke wa kuswali peke yako, panda treni ya KTX uende Seoul, chini ya saa mbili kutoka Dongdaegu. Msikiti mkuu uko juu ya kilima cha Itaewon tangu 1976, na barabara ya kuuendea ina mabucha ya halali na mikahawa ya kila taifa. Lakini wikendi ya mwisho ya Oktoba usikanyage vichochoro vya bondeni usiku. Tarehe 29 Oktoba 2022 watu 159 walikufa pale kwa kubanwa katika umati wa sherehe, wengi wao vijana wa umri wako. Popote utakapoona huwezi kuinua mikono yako kifuani, geuka mapema, hata kama wenzako wanakuita.

Habari za msikiti wa hapo Daegu, karibu na Chuo Kikuu cha Kyungpook, umezisikia. Majirani walipinga ujenzi wake hadi wakaweka vichwa vya nguruwe mlangoni, ingawa mahakama kuu kabisa ilikwishawapa waumini haki mwaka 2022. Mtaa ule pita kimya, mwamkie mzee utakayemkuta, na simu iache mkobani.

Na sikukuu ya Chuseok ikikaribia, usikae ukingoja. Mwezi wa nane wa hesabu yao ya mwandamo ukifika siku ya 15, mji huhama kwenda kwao, maduka mengi hufungwa, na mwalimu wa kigeni hubaki na tambi za dukani. Tiketi za treni za siku hizo huuzwa mapema sana na huisha upesi, kwa hiyo ulizia tarehe. Ukialikwa nyumbani kwa mtu, na kama ulikuwa unapanda mlima nadhani utaalikwa, nunua boksi la matunda, lile lililofungwa vizuri, ulitoe kwa mikono miwili. Mwenye nyumba huenda akaliweka kando bila kulifungua. Usidhani hakulipenda.

Shangazi yako