Tulimpima Mtoto, Mama Hatukumuuliza

Kadi ya kliniki ya mwanetu wa pili bado ninayo. Mstari wa uzito unapanda vizuri mwezi hadi mwezi, na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zimejazwa. Anayeisoma leo atasema nyumba ile ilikuwa na heri. Kadi haionyeshi kwamba katika wiki hizo hizo mama wa mtoto hakupata usingizi hata mtoto alipolala, wala kwamba jioni moja aliniambia, kwa sauti tulivu, kuwa mimi na watoto tungeishi vizuri zaidi bila yeye.

Mke wangu ameniruhusu kuyaandika haya. Tulikuwa tumehamia Mbagala, wilayani Temeke, mahali ambapo hatukuwa na ndugu. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini, akamkanda bintiye kwa maji ya moto, akampikia uji na mtori, akampokea mtoto usiku ili mzazi alale. Arobaini ilipotimia, alirudi kuwahi kilimo. Mimi nilikuwa nimekwisha rudi kazini siku nyingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, na baba angalau siku 3. Zangu zilipokwisha, nilirudi kusahihisha mitihani: nikitoka alfajiri kuwahi foleni ya Barabara ya Kilwa, nikirejea watoto wamelala.

Mke wangu alipokaa kimya, nilisema amechoka. Alipolia, nilimwambia amshukuru Mungu, kwani wapo wanaotafuta mtoto wasijaliwe. Nilikuwa na shahada ya uzamivu, na sikuona kitu. Aliyeona ni jirani yetu, mkunga mstaafu. Nilipomwamkia asubuhi moja, aliitikia kisha akaniuliza: “Mwanangu, mtoto namwona anakua. Mama yake je, analala?” Nikamjibu kwamba ni uchovu tu. Akatikisa kichwa: “Uchovu ukipewa usingizi huisha. Huu wa mkeo hauishi. Mpeleke hospitali.”

Hospitali walikipa jina: sonona baada ya kujifungua. Wanawake wengi hupatwa na majonzi mepesi siku za mwanzo, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Sonona haiondoki. Huondoa usingizi, hamu ya chakula na furaha, humjaza mama hatia, na wakati mwingine humfanya atamani kufa. Hutibika kwa unasihi, kwa dawa panapohitajika, na kwa watu wa kumpokea mzigo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea ni asilimia 19.8, yaani karibu mmoja kati ya watano.

Jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba nchi yetu inajua kuwa uzazi unaweza kuitikisa akili. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12 huku akili yake ikiwa imevurugika kwa kutopona sawasawa athari za kujifungua au kunyonyesha. Sheria inamhurumia: adhabu yake ni kama ya kuua bila kukusudia. Wanawake wengi mno wenye sonona hawamdhuru mtoto kamwe. Lakini tafakari, ndugu msomaji: hali ya akili ya mzazi ina kifungu chake mahakamani, huku mke wangu akienda kliniki mara tatu, mtoto akipimwa na kuchomwa sindano, bila yeye kuulizwa hata neno moja.

Kumuuliza hakuhitaji jengo jipya. Tangu mwaka 1987 kuna dodoso lililobuniwa Edinburgh, lenye maswali 10 tu, linaloulizia mambo kama uwezo wa kucheka, usingizi na mawazo ya kujidhuru. Mama tayari yupo kliniki, mhudumu yupo, na tarehe za kurudi zimeandikwa kwenye kadi. Siwalaumu wauguzi wanaohudumia foleni ndefu. Nawaomba wanaopanga huduma waweke swali hilo katika kazi yao, na mahali pa kumpeleka mama akijibu ndiyo.

Nanyi akina baba wenzangu, hasa tuliohamia Mbagala, Chanika au Bunju mbali na ndugu zetu: arobaini ya wazee haikuwa uji na maji ya moto tu. Ilikuwa ni mtu wa kumtazama mzazi usiku na mchana. Mtu huyo akiondoka, nafasi yake ni yetu. Mimi niliiacha wazi, na jirani akaiziba.