Mrihani Chini ya Mwembe

Nakumbuka wakati ambapo mwenye mwembe uani hapa Mamboleo, Kisumu, hakuwaza dawa. Embe lenye funza lilitupwa, mengine yakaliwa. Hali iligeuka alipoingia nzi wa matunda kutoka Asia, aliyetambuliwa Kenya mwaka wa 2003. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga ndani; nje utaona tundu dogo linalotoa utomvu, ndani nyama imekuwa uji unaotambaa funza. Ndipo ushauri wa harufu uliposhika kasi: panda mrihani chini ya mwembe, ning'iniza matawi ya nyabende, yaani lantana.

Ushauri huo haukutoka hewani. Mbita, kwenye mdomo wa ghuba yetu ya Ziwa Victoria, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walionyesha kuwa mrihani na nyabende vikiwekwa hai vyunguni hupunguza mbu. Huko huko, tangu miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenzake walikuza kilimo cha sukuma-vuta: mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi umchukize nondo ambaye viwavi wake hutoboa mahindi, nyasi za nepia pembeni zimvute akatage huko. Mahindi yalisimama, nasi tukauliza: kama harufu imemshinda nondo, nzi wa embe ni nani?

Lakini kila mdudu ana pua yake. Nzi dume wa embe huvutwa mno na methili eujenoli, jamaa wa kemikali inayoipa karafuu harufu, na mirihani kadhaa inayo. Kinachomchukiza mbu chaweza kuwa mwaliko kwa nzi. Mpera nao una kisa chake. Wakulima wa Vietnam wameupanda kati ya michungwa kwa kuwa harufu ya majani yake inadhaniwa kumvuruga mdudu anayeeneza ugonjwa wa michungwa. Kwetu, mapera yaliyoiva ni kitalu cha nzi yuleyule. (Wanaosifu mpera huwa hawana mwembe.)

Mtu atasema sukuma-vuta imefaulu, kwa hiyo harufu inatosha. Hata hapo pana ubishi: watafiti wengine wanadai sasa kwamba desmodiamu hunasa viwavi kwa vinyweleo vyake kuliko inavyowafukuza nondo. Mavuno mazuri hayathibitishi kilichoyaleta. Tena desmodiamu hutandaa chini ya mimea mifupi. Mrihani wa gotini utamfikiaje nzi aliye juu ya mwembe, upepo wa ziwa ukivuma alasiri?

Hoja nzito zaidi ni ya mfuko: majani ni bure, mtego wa nzi unanunuliwa. Ni kweli, na mtego wenye chambo cha methili eujenoli hukamata madume tu. Hata hivyo, ukiufungua unaona maiti, kwa hiyo unajua kama nzi wapo na ni wengi kiasi gani. Mrihani haukuambii lolote. Na kazi isiyogharimu kitu ipo: kuokota kila embe lililoanguka, kulifungia kwenye mfuko mweusi na kuuanika juani hadi funza wafe, pamoja na mapera ya jirani, akikubali.