Leo Usiende Mbali

Mwaka 1984 nilikuwa tarishi katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, Mombasa mjini. Kazi yangu ilikuwa baisikeli: posta, benki, forodhani, na kokote ambako wakubwa hawakutaka kujipeleka wenyewe. Nilikuwa na miaka 22.

Mwaka huo akaajiriwa taipisti, binti wa Kisauni, ndiyo kwanza ametoka shule. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Mashine ililia kama mvua juu ya mabati. Ikinyamaza, tulijua ameitwa kwa meneja. Na akishaingia, kengele iliyofuata ilikuwa yangu. "Kaniletee sigara." Nilikuta pakiti ya Sportsman mezani, haijafunguliwa. Nikapokea pesa, nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu.

Siku moja ya kaskazi, joto la kukata pumzi, alikuja na sweta, kalifunga vifungo hadi kooni. Makarani wakamcheka, wakamwuliza kama ana malaria. Hakujibu. Meza yake alikuwa ameisogeza hadi kiti kikagusa ukuta, asiweze mtu kupita nyuma yake. Niliyaona yote mawili, sweta na meza, na sitadai leo kwamba sikuelewa.

Jambo lenyewe hatukuwa na jina lake. Tulisema "mkubwa kampenda", likageuka bahati, tena bahati ya yule msichana. Mama mmoja, karani wa siku nyingi, alimwambia mbele yangu: "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu." Nadhani alimwonea huruma. Nadhani pia na yeye aliwahi kuambiwa hivyo.

Ijumaa moja adhuhuri, wengi wameshakwenda msikitini, binti yule alinikuta ngazini. "Kaka, leo usiende mbali." Sikupata hata kumjibu, kengele ikalia. Nikapewa bahasha ya Likoni, ng'ambo ya feri, bahasha ambayo ingeweza kungoja hadi Jumatatu. Nikaenda. Niliporudi mashine ilikuwa imefunikwa, naye hayupo.

Wiki iliyofuata nilimpelekea kwao barua ya kufutwa kazi. Sababu: kuchelewa. Alitia sahihi kwenye daftari langu taratibu, akanirudishia kalamu, akaingia ndani.

Sheria ya Ajira tuliyokuwa nayo, ya 1976, haikuwa na neno juu ya mambo haya. Ile ya 2007 ndiyo iliyomtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, aeleze malalamiko yanapelekwa vipi, na asitoboe jina la mlalamishi ila pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Wakati huo nilikuwa mtunza stoo kwingine, Changamwe. Karatasi ya sera hiyo ilibandikwa kando ya orodha ya zamu za chai. Niliisoma mara tatu nimesimama. Malalamiko yapelekwe kwa meneja, ilisema.

Mkutanoni nikanyosha mkono: je, meneja akiwa ndiye? Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama nina ushahidi. Nikasema nauliza tu, nikakaa. Baadaye karatasi ilibadilishwa, wakaongezwa watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke. Hiyo ilikuwa hatua, siidharau. Ila hata katika karatasi ya pili sikuona mstari unaomhusu tarishi, yule anayetumwa sigara ili asiwepo.

Meneja wa kule mjini alistaafu 1991. Tulichanga wafanyakazi wote, tukamnunulia saa ya ukutani, na picha ikapigwa. Mimi nilitoa shilingi 20.