Daktari na Mtoto wa Kulea: Ufeministi na Wasifu wa Elizabeth Blackwell

Wasifu wa Elizabeth Blackwell aghalabu huanza kwa kicheko. Mwaka 1847, walimu wa chuo cha udaktari cha Geneva, katika jimbo la New York, waliwaachia wanafunzi wao wa kiume waamue iwapo mwanamke huyu apokelewe. Wengi wakidhani ni mzaha, wakakubali. Mwaka 1849 akahitimu, akawa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kupata shahada ya udaktari. Kisa hiki kimerudiwa hata kikawa kama hekaya. Mhakiki wa kifeministi hana budi kukitilia shaka, si kwa kuwa ni cha uongo, bali kwa kuwa kinamwingiza mwanamke ukumbini kwa hisani ya kicheko cha wanaume.

Sifa ya "wa kwanza" nayo ina ila yake. Humvua shujaa wa kiume joho na kumvisha mwanamke lilelile. Shujaa wa namna hii hana jiko, hana wa kumfulia, wala hana mwenzi wa kazi. Blackwell alikuwa navyo vyote. Mdogo wake Emily, aliyehitimu Cleveland mwaka 1854, alishirikiana naye na Marie Zakrzewska kufungua hospitali ya wanawake na watoto maskini mjini New York mwaka 1857. Elizabeth alipohamia Uingereza mwaka 1869, Emily ndiye aliyebaki kuiendesha, pamoja na chuo chake cha udaktari cha wanawake, hadi chuo kilipofungwa mwaka 1899. Aidha, Emily ndiye aliyekuwa mpasuaji. Elizabeth alipofuka jicho moja Paris mwaka 1849, kwa maradhi aliyoambukizwa na mtoto mchanga aliyekuwa akimtibu. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 2021, Janice Nimura alipochapisha *The Doctors Blackwell*, ndipo ndugu hawa wakagawana jalada moja la kitabu kinachosomwa na wengi.

Lakini hata wasifu wa watu wawili haumalizi kazi. Mwaka 1854 Elizabeth alimchukua yatima wa Kiairishi, Kitty Barry, mwenye umri wa miaka saba hivi. Kitty alisomeshwa na kupendwa. Pia alitunza nyumba. Mlezi wake alimwita "Daktari", si "Mama". Kiswahili kina "mwana" na kina "mtumishi". Huyu aliishi maisha yake yote katikati ya maneno hayo mawili. Wapo watakaosema kwamba kumtaja ni kumshusha hadhi daktari. Hoja hiyo ni dhaifu. Ufeministi unaosifu uhuru wa mwanamke mmoja pasi na kuuliza ni mikono ya nani iliyoulipia, hautofautiani sana na wasifu wa kale wa mabwana wakubwa, ambamo wake zao hutajwa siku ya harusi na siku ya mazishi.

Elizabeth alifariki mwaka 1910, akazikwa Kilmun, Scotland. Kitty, ambaye hakuolewa, aliishi hadi mwaka 1936, na aliomba majivu yake yazikwe hapohapo pamoja naye.