Mshale Ukilala kwenye Sufuri

Simu nyingi hunijia mwezi wa nne, theluji ikishayeyuka huku Minnesota ya kusini. Mwenye ndege amefungua hanga, amejaza petroli, ameiwasha injini iliyolala tangu mwezi wa kumi na moja, na mshale wa presha ya oili haukuondoka kwenye sufuri. Kabla hajamaliza kueleza huwa namuuliza: uliizima baada ya muda gani? Sheria niliyoikuta kazini nikiwa kijana ni sekunde 30. Zikipita na mshale haujainuka, zima, usingoje. Krenki ya injini iliyo hai haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo ukikosekana, chuma humla chuma mwenziwe.

Ndege ninazozungumzia hazikutoka kiwandani. Zimeundwa na watu nyumbani, ndani ya gereji au ghala la shamba, kwa mbao za sprusi, plaiwudi na kitambaa kilichopakwa dope, rangi ya kukikaza. Ninayoijua zaidi ni Pietenpol Air Camper, yenye bawa moja juu ya kichwa cha rubani na viti viwili vilivyo wazi kwa upepo. Bernard Pietenpol aliibuni katika kijiji cha Cherry Grove, hapa hapa Minnesota, bila kupita chuo chochote cha uhandisi, na mwaka 1929 akairusha kwa injini ya gari la Ford Model A. Mhariri mmoja wa gazeti la ufundi, Weston Farmer, alikuwa ameandika kwamba injini ya gari haifai kurusha ndege. Pietenpol na wenzake wakampelekea ndege zao Minneapolis akazione kwa macho yake, na gazeti lile lile likaja kuchapisha ramani za kuiunda. Ramani hizo bado zinafuatwa leo, ila wengi huweka injini ya Continental A-65, ya silinda nne zilizolala na nguvu ya farasi 65, ambayo ndiyo iliyoendesha maelfu ya ndege za Piper Cub.

Mwaka huo huo wa 1929, Bi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege Nairobi. Uwanja wenye jina lake ndio ulionifundisha kazi. Nilitoka Changamwe, Mombasa, nikiwa sijawahi kushika spana ya ndege, nikaingia Wilson kama kijana wa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Ndege za wanafunzi wa urubani zilikuwa Cessna 150, na injini yake, Continental O-200, ni mjukuu wa A-65. Ukifungua mfuniko wa nyuma wa moja, mkono wako utaijua njia ndani ya nyingine. Sikujua wakati ule kwamba ujuzi huo ungenilisha upande wa pili wa dunia. Nilipohamia Marekani, mamlaka ya anga hapa ilitaka ushahidi wa miezi 30 ya kazi ya injini na bodi ya ndege, kisha mtihani wa kuandika, wa mdomo na wa mikono. Barua kutoka Wilson zilitosha kwa lile la kwanza. Mitihani nikaifanya.

Somo la presha ya oili nilipewa na mzee aliyekuwa msimamizi wetu. Alikuwa akinawa mikono kwa mchanga na sabuni, akaniambia bila kugeuka:

"Kijana, kumbuka hili. Pampu haitoi presha. Pampu inatoa oili. Presha inatoka kwa zile njia ambamo oili inapita kwa taabu."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hivyo ukiona presha imeshuka, usikimbilie pampu. Uliza kwanza ni wapi oili imepata njia rahisi."

Kila mwenye kumwagilia bustani analijua jambo hili: ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba maji yanaruka mbali, ukiachia yanamwagika miguuni, na bomba ukutani halijabadilika. Beringi iliyolika ni kidole kilichoachia. Oili inaponyoka ubavuni mwake na kurudi kwenye sampu, chombo cha oili chini ya injini, kabla ya kusukumana na chochote, na geji inaonyesha pungufu hata kama pampu ni mpya.

Tatizo la mwezi wa nne kwa kawaida ni jepesi. Katika A-65 pampu imekaa nyuma ya injini, juu ya oili, na oili imekaa chini yake ndani ya sampu ya karibu lita nne. Pampu ni gia mbili tu zinazozunguka zimekumbatiana, nazo huvuta vizuri zikiwa zimelowa. Injini ikilala miezi mitano, oili iliyobaki kwenye gia huteremka polepole, na gia kavu haziwezi kunyonya, zinakoroga hewa. Dawa ni kufungua tundu lililo karibu na pampu, kuidungia oili safi, na kuzungusha propela kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa na magneto zimezimwa, mpaka oili ianze kusukumwa. Ndiyo maana pia tunapounganisha injini upya tunazipaka gia Vaselini kwa wingi: inashika pale pale, kisha inayeyuka ndani ya oili bila madhara. Na ndiyo maana nawagombeza watu wanaozungusha propela kinyumenyume wanapoisukuma ndege ndani ya hanga. Gia zikirudi nyuma zinairudisha oili kwenye sampu na kujijaza hewa.

Mshale usipoinuka hata baada ya hapo, au ukiinuka pungufu, naanza na geji yenyewe. Kwenye ndege hizi geji si ya umeme. Kuna kibomba chembamba cha shaba kinachotoka kwenye injini hadi kwenye dashibodi, na ndani ya geji kuna kibomba kingine kilichopinda, ambacho hujaribu kunyooka presha inapoingia na kuusukuma mshale. Kibomba kikiwa na hewa, mshale unachelewa. Tundu dogo la kupunguzia mwendo likiziba kwa uchafu, mshale unalala ingawa injini iko salama kabisa. Baridi ya huku huigandisha oili iliyomo humo hadi inakuwa kama nta, kwa hiyo sisi huijaza mirija hiyo kwa oili nyepesi. Nina geji yangu ya kupimia, nimeisahihisha, naiunga moja kwa moja kwenye injini. Dakika chache tu, na nimeona geji nyingi za miaka ya arobaini zikisingizia injini nzima ugonjwa usiokuwapo. Hata hivyo siruhusu mtu aruke kwa sababu "geji ndiyo mbovu" mpaka geji ya pili ikubali.

Baada ya geji ni oili. Namba 40 wakati wa joto, namba 20 wakati wa baridi, ndivyo kitabu cha injini kinavyosema. Kabureta inayovuja huingiza petroli ndani ya oili na kuifanya nyepesi. Nanusa kijiti cha kupimia kabla ya kukisoma. Halafu bomba la kunyonyea: nati ikilegea, pampu inavuta hewa pamoja na oili, na mshale unatetemeka badala ya kushuka. Mshale unaotetemeka na mshale uliolala ni habari mbili tofauti, nami humsihi rubani anieleze hasa alichokiona.

Injini ya Ford A ni jambo la pekee, na imewatisha watu bure. Pampu yake inapandisha oili hadi chemba ya valvu, kutoka hapo inashuka kwa uzito wake hadi kwenye beringi kuu, na mikono ya pistoni inachota na kurusha yake yenyewe kutoka kwenye vijisahani. Presha yake ni pauni chache mno kwa inchi ya mraba. Mtu aliyezoea Continental akiketi nyuma ya Ford ataamini injini inakufa, kumbe ndivyo ilivyozaliwa. Kwa injini hiyo nahangaikia zaidi kiasi cha oili, joto lake, na hali ya babiti kwenye beringi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. A-65 ina valvu ya kupunguzia presha: kizibo kidogo kinachosukumwa na springi. Presha ikizidi, kizibo kinasogea na oili ya ziada inarudi kwenye sampu. Kitabu kinataka pauni 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba injini ikiwa moto na inaruka, na isipungue 10 ikinguruma polepole ardhini. Watu wakiona 22, wanaweka washa nyuma ya springi ili kuikaza. Kwa kuwa sheria ya ndege za kujiundia inampa mwenye nayo uhuru mkubwa wa kufanya kazi kwa mkono wake, hakuna wa kumzuia. Uhuru huo naupenda. Bila huo Pietenpol asingeruka. Lakini springi inaweka kikomo cha juu tu. Kama presha haijafika kwenye kikomo, valvu tayari imefungwa, na kukaza springi ya valvu iliyofungwa hakuongezi hata pauni moja. Na kama kukaza kunaongeza, basi springi imechoka au kizibo hakikai sawa, na hayo ndiyo ya kutengenezwa. Chembe moja ya kaboni chini ya kizibo inatosha kuiacha valvu wazi. Ukifungua, ukasafisha, ukatazama kikalio kwa tochi, umemaliza.

Majira fulani ya kuchipua nililetewa Pietenpol iliyonunuliwa kutoka kwa mjukuu wa aliyeiunda. Mnunuzi, mwalimu mstaafu, alitaka kwenda nayo Brodhead, Wisconsin, ambako wenye Pietenpol hukutana kila mwezi wa saba kabla ya maonyesho makubwa ya Oshkosh. Geji ilisoma 22 angani na 8 ardhini. Geji yangu ikasema vivyo hivyo. Oili ilikuwa nzuri, kijiti hakikunuka petroli, na bomba la kunyonyea lilikuwa zima. Nikafungua valvu na kukuta washa zimepangwa nyuma ya springi, moja juu ya nyingine. Nikazitoa zote, nikasafisha kikalio, nikaiwasha tena. Mshale ulirudi pale pale ulipokuwa. Hilo lilinieleza mengi kuliko kipimo kingine chochote: valvu ilikuwa imefungwa muda wote, na oili ilikuwa ikitorokea kwingine.

Zilibaki pampu na beringi. Nyumba ya gia za pampu ni ya alumini, imechongwa ndani ya mfuniko wa nyuma, na gia za chuma zikipitisha takataka huikwaruza. Ilikuwa na mikwaruzo, ndiyo, lakini si ya kueleza 8 ardhini. Nikatoa chujio la oili na kulisuza kwenye sinia jeupe. Chembe za kijivu zikatua. Nikapitisha sumaku juu yake na hazikuifuata. Chembe zinazofuata sumaku ni za gia, tapeti au kamshafti. Hizi zilikuwa ngozi ya beringi.

Mwenye ndege alitazama sinia kwa muda mrefu.

"Inaweza kufika Brodhead na kurudi?"

Nilimwambia siwezi kuitia sahihi yangu. Abiria, aliye kiti cha mbele katika ndege ile, hana geji mbele yake, na mwalimu alikuwa amepanga kumpakia binti yake. Sikupandisha sauti wala yeye hakunibishia. Alikunja mikono ya shati, akauliza tuanzie na nati ipi.

Tuliifungua pamoja, yeye akiandika namba ya kila kipande. Beringi za katikati zilikuwa zimelika hadi safu ya chini. Krenki tuliipeleka kwa wenye mashine ikapimwa kama ina ufa, ikasagwa inchi 0.010 kama kitabu kinavyoruhusu, na beringi mpya zikaja za kipimo hicho. Mfuniko wa nyuma tukaubadilisha. Mifereji ya oili nikaisafisha kwa brashi na hewa, nikamfanya mwalimu achungulie kila tundu hadi aone mwanga upande wa pili, kwa sababu chembe iliyobaki humo hungoja siku ya kwanza ya injini kuwashwa.

Brodhead ya mwaka ule ilimpita. Aliendelea kuja karakana jioni, na majira ya joto yaliyofuata aliruka na binti yake, na daftari la safari likiwa limefungwa gotini kwa mpira. Aliandika pauni 34 angani, na 16 alipotua na oili ikiwa moto. Springi ni ile ya kiwandani, nyuma yake hakuna washa.