Jirani Yetu Mngazija

Nilipokuwa mtoto wa miaka 10, tulikaa Majengo, katika mtaa wa Pumwani, mjini Nairobi. Mlango wa pili alikaa mshona nguo mmoja ambaye sisi watoto tulimwita Babu Fundi. Alizaliwa Ngazija, akakulia Unguja, na mchana kutwa cherehani yake ilisikika barazani.

Tarehe 12 Januari, 1964, mwezi mmoja kamili tangu Kenya kupata uhuru, serikali ya Sultani Jamshid ilipinduliwa huko Unguja. Habari zilipofika mtaani, vijana walishangilia. Babu Fundi aliisimamisha cherehani yake, asiseme neno.

Jioni kijana mmoja akamwuliza kwa mzaha, "Babu, na ninyi Wangazija mtawapindua Wafaransa lini?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Akajibu taratibu, "Mwanangu, mama yako amelala chumba hiki cha pili. Mama yangu yuko Ngazija, chini ya bendera ya Wafaransa, na dada zangu wako Unguja, wamejifungia ndani. Nikishangilia, nitakuwa nimewacheka dada zangu. Nikilia, mtasema nawalilia mabwana. Basi niache ninyamaze."

Sikumfahamu siku ile. Baadaye nilisoma kwamba Visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Wafaransa waliitwaa Maore mwaka 1841, na vile vitatu wakaviweka chini ya ulinzi wao mwaka 1886. Hata hivyo, kwa miaka mingi wenyeji walivuka bahari kwenda Unguja kutafuta elimu, kazi na biashara. Unguja ilipogeuka, visiwa hivyo vilijikuta njia panda: watawala wao walikuwa Wafaransa, jamaa zao walikuwa Unguja, na wapigania uhuru wao wa chama cha MOLINACO walikuwa wamepata hifadhi Dar es Salaam.

Uhuru wa Komoro ulitangazwa tarehe 6 Julai, 1975, lakini Maore imebaki mikononi mwa Ufaransa hata leo. Babu Fundi hakuisikia habari hiyo. Alikuwa amekwisha kufa, akazikwa Nairobi, mbali na mama yake na mbali na dada zake.

Kuishangilia moto wa jirani ni rahisi kwa asiye na mtu ndani ya nyumba. Kila nisikiapo watu wakilaumiwa kwa kunyamaza, huikumbuka cherehani ile iliyosimama, nami hukionea haya kicheko changu.